Tanga mji wa viwanda: kwenye mawe na vibao vyote vya kumbukumbu, mbona manamba hawapo?

#1 Ngamiani14
Wakuu salaam.

Mimi ni mtu wa kusoma kila kibao, kila jiwe la msingi, kila kaburi lenye maandishi hapa Tanga mjini, na kuna jambo linanikera siku nyingi naomba tulijadili. Makaburi ya vita ya 1914 yana majina, vyeo, vikosi na tarehe. Boma la zamani ilipo makumbusho ya Urithi, habari za Mjerumani zimejaa. Maktaba ilifunguliwa miaka ya 1950 kwa jina la Mfalme George wa 6. Chongoleani kuna jiwe la msingi la bomba la mafuta la 2017. Huko viwandani ndo usiseme, hata kiwanda kilichobaki kuta tupu bado getini kuna jiwe "limewekwa na mheshimiwa fulani".

Sasa mji huu ulijengwa na mkonge, na mkonge ulikatwa na manamba, yaani vibarua wa mkataba. Watu walitolewa Kigoma, Songea, Ubena, Ruanda-Urundi, Nyasaland, Msumbiji wakaletwa huku na wengine hawakurudi kwao mpaka leo, wajukuu zao ndo sisi. Wao jiwe lao liko wapi? Mimi sijaliona. Kwa nini halipo, na kama lingewekwa mngeliweka wapi na mngeandika nini?

#2 Mshambaa wa Soni
Uzi wa maana huu, nakaa hapa hapa.

Jibu langu fupi: jiwe linawekwa na mwenye hela na mwenye jina la kulinda. Mjerumani aliweka lake, Mwingereza akaja akaweka lake, serikali ikaweka yake. Manamba alikuwa na nini cha kuwekea jiwe? Alikuwa na kipande tu mfukoni, ile kadi ya kazi.

#3 MwanaReli
Mleta mada nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa ila hapo "mji ulijengwa na mkonge" naomba niweke sawa. Kilichoujenga mji kwanza ni RELI. Ujenzi ulianza Tanga 1893, Muheza ikafikiwa 1896, kama kilomita 40 tu kwa miaka mitatu, kampuni ikaishiwa hela mpaka serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899. Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Jumla kilomita 352. Na shabaha ya mwanzo haikuwa mkonge kabisa, walikuwa wanawaza kahawa ya Usambara. Mkonge wakati huo ndo kwanza ulikuwa vitaluni kule Kikogwe karibu na Pangani.

Kwahiyo kama ni jiwe, la kwanza lingekuwa la watu waliopasua ile njia kwa sururu kwenye malaria na mvua za milimani. Nao hawana.

#4 Binti Makorora
MwanaReli bila kutaja reli hajaamka 😂 ila leo umesema kweli.

Mimi nauliza la makaburi. Nasikia ile vita ya 1914 Mwingereza alishindwa na nyuki, kuna ukweli au ni hadithi za barazani? Bibi yangu alikuwa anasema nyuki walitumwa.

#5 BabuWaPongwe
Hiyo vita nitaieleza kwa sababu watu wanaiharibu sana.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya vita HMS Fox iliingia bandarini, kepteni wake akadai mji ujisalimishe. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akaomba muda, akawazungusha. Ule muda ndio uliowaponza Waingereza maana kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alipata nafasi ya kushusha askari kutoka Moshi kwa treni. Waingereza walikuwa na watu kama 8,000, wengi wao askari wa Kihindi waliokaa baharini wiki nyingi wanatapika, jemadari wao ni Aitken. Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Wakateremkia Ras Kasone, wakapita kwenye mashamba na vichaka kuja mjini, tarehe 4 wakapigwa vibaya, tarehe 5 wakarudi melini wakaacha bunduki, mizinga ya rashasha na risasi laki kadhaa ambazo Mjerumani alizitumia muda mrefu baadae.

Nyuki walikuwepo kweli. Kikosi cha 98 cha Kihindi kilisambaratika kwa ajili yao. Lakini waliwauma na wa upande wa Mjerumani pia.

#6 Kijana wa Duga
Shikamoo babu. Mimi nilisoma kwamba Wajerumani walitega nyaya kwenye mizinga ya nyuki, ukikanyaga waya mzinga unafunguka. Ndo mbinu yenyewe.

#7 BabuWaPongwe
Marahaba. Hiyo ya nyaya iliandikwa magazetini Uingereza kwa sababu ilikuwa ni aibu jeshi kubwa kupigwa na jeshi dogo, lazima itafutwe sababu. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini na wenyeji kama inavyotundikwa mpaka leo, risasi zikaipiga, nyuki wakatoka. Nyuki gani anachagua wa kumuuma?

#8 Binti Makorora
Babu na bibi yangu naye alikuwa na hoja. Wazee wa pwani walikuwa na mambo yao, mji umevamiwa na wageni wanapigana wao kwa wao juu ya mashamba ya watu, wewe unafikiri wenyewe walikaa tu wanaangalia? Siwezi kulithibitisha ila siwezi kulitupa pia.

#9 Mshambaa wa Soni
Kwetu watu wanasema sababu ni moja tu, Aitken alidharau. Hakupeleleza, hakuuliza, alijua "askari wa Kiafrika hawa watakimbia". Na pale ndipo alipokufa Tom von Prince, huku kwetu akiitwa Bwana Sakarani, ambae ndiye aliyekuwa akimwinda Mkwawa kule Uhehe. Shamba lake lilikuwa hapa karibu na Soni, leo wapo watawa wa Kibenediktini na jina la Sakarani limebaki vile vile. Ona sasa, mtu aliyemfukuza Mkwawa jina lake linatajwa kila siku kwa jina la mahali, na yule aliyembebea mzigo akipanda hii milima hajulikani hata kabila lake.

#10 Ngamiani14
#9 hapo ndo penyewe kabisa. Waliouawa upande wa Mjerumani walikuwa Wajerumani 16 na askari Waafrika 55. Upande wa Waingereza waliokufa ni 360. Hao 55 wanatajwa kwa jumla jumla tu, na wapagazi wala sijui waliingizwa wapi. Vita ile ikaenda mpaka 1918, wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa na kuhara kuliko waliokufa kwa risasi.

#11 Chumbageni Juu
Wapagazi wana sanamu. Nairobi kuna sanamu tatu pamoja na mmoja wao ni mpagazi, ya 1928. Na Dar ile sanamu ya Askari ya 1927 (kabla yake pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza waliitoa) ni kwa ajili ya hao hao. Kwahiyo tusiseme hawajakumbukwa kabisa.

#12 Mtu wa Kigoma
Mkuu Chumbageni sanamu ya Dar inamkumbuka aliyekufa kwa ajili ya mfalme wa Mwingereza. Manamba alikufa kwa ajili ya kamba ya kufungia majani ya ng'ombe huko Ulaya na Marekani. Hakuna mfalme aliyetaka kumshukuru.

Babu yangu mzaa baba ni Muha, alichukuliwa Kasulu miaka ya 1940 mwishoni. Chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi yake ya kuandikisha watu, SILABU, ilianzishwa 1944, ndo ilikuwa inazunguka mikoani. Alikuwa anasimulia walipimwa kama wanaopimwa ng'ombe mnadani, wakapewa blanketi, wakapakiwa kwenye behewa, wakashuka sehemu hawajui hata upande wa kwao ni upi. Karatasi yake ya mkataba ilikaa kwenye kopo la bati la maziwa, mimi nimeiona, ina dole gumba la wino na namba, jina lake limeandikwa vibaya, na jina hilo hilo baya ndilo tunalotumia ukoo mzima mpaka kwenye vitambulisho vyetu leo.

Mkataba wake ulipoisha hakurudi. Alioa Mbondei. Alizikwa kambini.

#13 Binti Makorora
Daah #12 umenigusa aisee. Hiyo karatasi ipo bado?

#14 Mtu wa Kigoma
Ipo kwa baba mkubwa. Imekatika kwenye mikunjo lakini dole linaonekana mistari yote.

#15 Kijana wa Duga
Mimi naomba niulize kitu kinachonichanganya. Kwa nini walitoa watu Kigoma na Songea wakati Tanga yenyewe ina watu? Huku tunaambiwa ati watu wa Tanga hawapendi kazi, ni raha tu, waja leo waondoka leo.

#16 Mshambaa wa Soni
Hilo la uvivu nalikataa kwa nguvu zote. Msambaa, Mbondei, Mzigua, Mdigo alikuwa na shamba lake, ana minazi yake, ana mahindi yake, aende kukata mkonge kwa ujira wa kutupa afanyeje? Kukataa kazi mbaya yenye mshahara mbaya ni akili. Mjerumani alilijua hilo ndo maana 1907 wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, walileta kipande kwa nguvu: kila mwanamme lazima afanye kazi siku 30 kila miezi minne kwa walowezi. Ungekuwa uvivu wasingehitaji sheria. Waliona wenyeji hawashikiki ndo wakaenda kuwatafuta wa mbali ambao hata akitaka kutoroka hana pa kwenda.

#17 Bibi_Katani
Nimesoma kimya ila hapa niseme na mimi. Nimezaliwa kambini, mama yangu alikuwa chumba cha brashi.

Watu mnaozungumza mkonge wengi hamjaushika. Jani lina mwiba ncha kama sindano, mkataji anakata ncha kwanza kisha anakata jani chini, anafunga tita la majani 30, anabeba kichwani mpaka kwenye reli ndogo. Utomvu unawasha mikono mpaka ngozi inachubuka. Jani linapita kwenye mashine inayoitwa korona, linapondwa na kukwanguliwa na maji, na katika jani zima nyuzi ni kama asilimia 4 tu, mengine yote makapi na lile povu la kijani linalonuka. Halafu singa, yaani hizo nyuzi, zinaanikwa kwenye waya juani, zikikauka nyeupe kama pamba ndo zinaletwa chumba cha brashi zisuguliwe, na pale ndo vumbi. Mama alikuwa anajifunga kanga puani. Ukimwona jioni nyusi zote nyeupe. Alikohoa mpaka anaingia kaburini na shamba lenyewe (sitalitaja) halikumpa hata barua ya asante.

Wanaume wanatajwa kama manamba, sawa. Wanawake wa brashi na wa kuanika hawatajwi hata humu kwenye uzi mpaka nimekuja mimi. Mkiandika hilo jiwe lenu muandike na wao.

#18 Ngamiani14
Shangazi Bibi_Katani asante sana, wa brashi na wa kuanika lazima wawemo.

#19 Makuli Mstaafu
Na makuli je? Robota moja, yaani furushi la mkonge, kilo 250. Bandari ya Tanga meli kubwa ilikuwa haifiki gatini, inatia nanga nje, mzigo unashushwa kwenye matishari unapelekwa majini, huko unapandishwa tena. Mzigo mmoja unashikwa mara mbili. Sisi ndo tulioupeleka huo mkonge duniani. Sasa hivi serikali imechimba kina kutoka mita 3 mpaka 13 kwa bilioni 429, meli inafunga gatini, vijana hawajui tishari ni nini.

#20 Chumbageni Juu
Sawa wakuu tumewasikia wote, sasa tuseme ukweli kwa nini mji ulikufa. Maana hapo ndo jiwe lingekuwa na maana, liseme nani aliua. Mimi nasema Azimio la Arusha. 1964 nchi ilitoa tani karibu 230,000 za mkonge, tulikuwa wa kwanza duniani. 1967 mashamba zaidi ya nusu yakataifishwa, wakapewa watu wasiojua mkonge. Miaka 20 baadae tuko kwenye tani elfu thelathini na ushee. Hesabu inajieleza.

#21 MwanaReli
Hesabu haijielezi mkuu. Tazama bei. Bei ya mkonge ilikuwa juu sana wakati wa vita vya Korea, 1951 huko, na ikapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 60, halafu ikaporomoka baada ya 1964, KABLA ya Azimio. Kilichotokea ni kamba za plastiki, polipropilini. Mkulima wa Marekani aliyekuwa anafungia majani kwa kamba yetu akanunua ya plastiki haiozi na rahisi. Hata mashamba yangebaki kwa Mgiriki na Mhindi na Mswisi yangekufa, na mengine binafsi yalikufa kweli.

#22 Chumbageni Juu
Mbona Brazil hawakufa? Wao wakatupita na plastiki ilikuwa hiyo hiyo.

#23 MwanaReli
Brazil ni wakulima wadogo wadogo na mashine ndogo za kuhamishika, gharama yao ndogo. Sisi tulikuwa na korona kubwa ambayo inataka majani mengi kila siku, ikikosa majani inakula hasara. Huo mfumo haukuletwa na Azimio, uliletwa na Mjerumani.

#24 Makuli Mstaafu
Mnabishana mashamba, mimi nilikuwa bandarini naona. Mzigo ulianza kukimbilia Dar. Reli ilipounganishwa na ile ya kati watu wakafurahi, kumbe ndo mzigo wa Moshi na Arusha unapata njia ya kuipita Tanga.

#25 Binti Makorora
Na viwanda vingine? Mbolea, chuma, sabuni, mbao? Hivyo havikuwa mkonge. Baba alikuwa kiwanda kimoja hapa mjini, kilifungwa miaka ya 90, mafao amefuatilia mpaka amezeeka. Kiwanda cha mbolea kilianza 1972 kikafungwa 1991, malighafi yote ilikuwa inatoka nje kwa meli, fedha za kigeni zilipokata basi. Sio plastiki hiyo wala sio mkonge. Mimi naona ni kuagiza kila kitu nje halafu soko likafunguliwa ghafla, mitumba na bidhaa za nje zikaingia, mwenye mashine ya 1970 atashindana na nani.

Na kuhusu mawe: pale alipokuwa anafanya kazi baba palikuwa na bamba la shaba la ufunguzi, limeng'olewa likauzwa chuma chakavu. Ukutani kuna matundu manne ya skrubu tu. Kwahiyo hata hao waheshimiwa wenyewe wameanza kufutika.

#26 Mshambaa wa Soni
Ongezeeni na hii. Baada ya uhuru mishahara ya mashambani ilipanda na uandikishaji wa mikataba ya mbali ukaisha miaka ya 1960. Jambo la haki kabisa. Ila maana yake ni kwamba faida yote ile ya zamani ilikuwa inatoka kwenye jasho la mtu asiyelipwa sawa sawa. Alipoanza kulipwa biashara ikayumba. Mimi hiyo ndo naiona sababu kubwa kuliko zote na ndo hakuna anayependa kuiandika kwenye jiwe.

#27 Chumbageni Juu
#26 kwa mantiki hiyo unasema walipwe kidogo ili shamba liendelee??

#28 Mshambaa wa Soni
Nasema kinyume. Nasema biashara ambayo haiwezi kusimama bila kumnyonya mtu haikuwa ya kuililia hivyo. Nalilia watu, silii tani.

#29 Mtu wa Kigoma
#28 nakuunga mkono ila ujue babu yangu pamoja na yote alilia shamba lilipofungwa. Zahanati ilikuwa ya shamba, shule ya shamba, maji ya shamba, mpira timu ya shamba. Vyote vilikwenda siku moja. Haya mambo hayana upande mmoja.

#30 Kijana wa Duga
Timu! Msitaje mpira mkaishia hapo. Coastal Union bingwa wa nchi 1988, hilo jiwe liko wapi? 😀

#31 Makuli Mstaafu
Wagosi wa Kaya! Na African Sports wana Kimanumanu usiwasahau. Siku ya hizo mbili zikikutana bandarini hapafanyiki kazi.

#32 Ngamiani14
Wakuu turudi kwenye mada jamani. Mimi hoja ya nani aliua naona haitaisha leo, kila mtu ana kipande chake cha ukweli. Tuzungumze jiwe liwekwe wapi.

#33 Bibi_Katani
Liwekwe kambini penye makaburi. Yale makaburi mengi hayana hata saruji, ni mawe yamepangwa na mkonge mmoja umepandwa kichwani, na sasa hivi wanalima juu yake.

#34 Chumbageni Juu
Huko nani atalisoma? Liwekwe mjini, stesheni ya reli, walipokuwa wanashukia.

#35 MwanaReli
Sio wote walishukia Tanga mjini mkuu. Wengi waliteremshwa njiani, Korogwe, Mombo, Muheza, kulingana na shamba. Na wa Kigoma wakati huo reli ya kati na ya Tanga zilikuwa hazijaungana, kwahiyo kuna kipande cha safari walipanda lori. Korogwe ndo ingefaa zaidi.

#36 Kijana wa Duga
Ila subiri, #24 amesema reli zimeunganishwa, hiyo si alifanya Mwingereza wakati wa vita 1916?

#37 BabuWaPongwe
Hapana kijana. Ya 1916 ni ile ya kutoka Voi kupitia Taveta mpaka Kahe, Mwingereza aliijenga mbio mbio kufuata jeshi, ikaiunganisha laini yetu na ya Kenya. Ya kuunganisha na reli ya kati ni ya Ruvu mpaka Mnyusi, imefunguliwa 1963, nchi ikiwa huru tayari.

Kuhusu jiwe, mimi nasema mnasahau kwamba Tanga ina mawe yenye umri kuliko hayo yote. Nendeni Tongoni, kilomita kama 17 kusini, makaburi kama 40 ya Waswahili wa zamani, ya nguzo na ya kuchongwa, kabla ya Vasco da Gama kupita huku 1498. Watu wa pwani walijua kuandika kumbukumbu zao kabla ya Mjerumani. Hata gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa Tanga na shule ya serikali toka 1904, kwa Kiswahili. Kwahiyo hoja ya "watu wetu hawakuwa na utamaduni wa kuandika" isiletwe humu.

#38 Mtu wa Kigoma
Hakuna aliyeileta babu lakini nimeelewa unakoelekea. Waliojua kuandika ni wa mjini na wa shule. Manamba aliwekewa dole.

Mimi kwenye maandishi sitaki maneno makubwa ya mashujaa. Nataka majina. Vitabu vya malipo ya mashamba vipo sehemu, vingine vimeliwa na mchwa ila vingine viko makabatini kwenye ofisi za mashamba, jina, namba, alikotoka, kambi, tarehe. Hata majina 200 tu ya shamba moja yakiandikwa ukutani inatosha kuanzia.

#39 Binti Makorora
Na mahali alikotoka kila mmoja. Kigoma, Njombe, Zomba, Gitega. Mtu akija kutoka huko aone.

#40 Chumbageni Juu
Mkiandika majina mtaandika yale yaliyokosewa na karani au ya kweli? #12 amesema ukoo wao mzima una jina baya.

#41 Mtu wa Kigoma
Yote mawili. La kitabuni na la nyumbani chini yake, kwa wale ambao familia zipo na zinalijua.

#42 Mshambaa wa Soni
Hela ya kujengea? Halmashauri ukiwapelekea watakuambia bajeti imeshapita, na likijengwa litaandikwa "limezinduliwa na" herufi kubwa kuliko majina yenyewe.

#43 Ngamiani14
Tuchange wenyewe, jiwe sio ghorofa. Kwanza yapatikane majina. Wenye wazee waliofanya kazi mashambani waanze kuandika hapa hapa kwenye uzi: jina, alikotoka, shamba au kambi, miaka. Mi naanza na bibi yangu, Mngoni wa Songea, kambi za upande wa Muheza, chumba cha kuanika. Jina lake naongea na mama kwanza nione kama familia inaridhia kuliweka hadharani.

#44 Bibi_Katani
Vizuri uulize kwanza. Kuna waliokimbia huko kwao na hawakutaka kujulikana walipo.

#45 Makuli Mstaafu
Na makuli waingie pia, mimi nina orodha ya genge letu lote la miaka ya 70.

#46 MwanaReli
Mwenye picha za vibao vya chuma kwenye madaraja ya reli kati ya Muheza na Korogwe azitupie humu, vile vya kiwanda cha Kijerumani vyenye mwaka. Treni ya abiria Dar Moshi ilipoanza tena Desemba 2019 nilipita lakini ilikuwa usiku na haiingii Tanga, sikuona kitu. Nataka kulinganisha miaka ya madaraja na ile ya #3.

#47 Kijana wa Duga
Ninayo mawili matatu ya upande wa Muheza, moja limeng'oka nusu. Jumamosi nakwenda kwa shangazi kule, nitapiga mengine mchana.